Mushuke, Batoto ba Benyewe

24 Februari

Masika yameingia. Mvua ilivuka ziwa kutoka upande wa Bukavu, nyeupe, bila haraka, kama shuka linalotandikwa, ikatukuta mimi na dada yangu Mukabalisa tukianua nguo. Nilisimama kuitazama.

"Yaya," akaniambia, vile mdogo humwita mkubwa wake, "mvua haiko kitabu. Shika upande wa pili."

Nikashika upande wa pili.

27 Februari

Gasaro amepiga simu kutoka London. Ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Hakimu, na alizaliwa kule mashariki ya mji, katika jengo refu tulilokaa mimi na mke wangu Mukabera tangu tulipokimbia vita Bukavu. Mukabera alifariki mwaka wa korona. Mimi nikarudi hapa Kamembe, upande wa Rwanda, nilikozaliwa na nilikotolewa nikiwa mgongoni mwa mama kabla sijajua kusema jina la mahali.

Gasaro ni emsii. Anaghani muziki wanaouita grime, neno ambalo kwa Kiingereza ni masizi, uchafu ulioganda usiotoka kwa kufuta mara moja. Muziki huo ulizaliwa katika majengo kama letu: ngoma kavu, besi inayotetemesha vikombe kabatini, na kijana anayesema upesi kama mtu anayejieleza kwa polisi. Redio zenye leseni hazikuupiga. Vijana walifunga antena juu ya mapaa wakarusha muziki wao bila ruhusa, polisi wakaja kuzing'oa, wakafunga nyingine. Mimi nilikuwa napanga vitabu katika maktaba ya mtaa. Kitabu cha kwanza kilichouzungumzia nilielekezwa kukiweka kwenye rafu ya matatizo ya jamii, kati ya ulevi na magereza. Miaka baadaye nilikitoa pale kwa mikono yangu nikakipeleka kwenye rafu ya muziki, jirani na opera. Siku hiyo nilijua vijana wa juu ya paa wameshinda. Sasa wanapewa tuzo na watu waliovaa tai, na viwanja vizima vinaimba pamoja nao.

Gasaro ana wimbo unaoitwa "Mushuke". Unaanza na sauti ya Mukabera.

Ninajua sauti hiyo ilitoka wapi, ingawa siku ile nilikuwa kazini. Ilikuwa Jumapili ya upepo. Hakimu, kijana bado, alikuwa na wenzake katika chumba kidogo chini ya paa, wakiendesha redio yao. Antena ikalegea, vijana wawili wakapanda kuifunga. Mukabera aliwaona kutoka uwanjani akapanda ngazi zote, maana lifti ilikuwa imekufa kama kawaida yake, akasimama kwenye mlango wa paa na kupiga kelele: "Banani bako kule yulu? Mushuke, batoto ba benyewe! Mutaniuwa na moyo!" Yulu ni juu, mushuke ni shukeni, na batoto ba benyewe ni watoto wa wenyewe, wenye mama zao mahali fulani. Maikrofoni ilikuwa wazi. Mashariki yote ya London iliyokuwa ikisikiliza ilikaripiwa siku ile kwa Kiswahili cha Bukavu. Hakimu alikuwa akirekodi vipindi vyake kwenye kaseti, na Gasaro aliikuta kaseti hiyo baada ya mazishi.

Kwa miaka mitatu wimbo umekuwa wa vijana tu. Sasa kampuni kubwa inautaka kwenye albamu, na Gasaro amealikwa kuuimba kwenye tamasha kubwa la kiangazi. Wanasheria wao wanataka ruhusa ya mume.

"Banasema ukikataa, Koko," akaniambia, kwa neno letu la babu na bibi, "batatafuta actrice alie vile vile kama yeye."

"Na wewe?"

"Mie ukikataa ninamutoa. Sitaki mwigizaji. Lakini bila yeye ile haiko wimbo, iko kelele tu."

Wanataka jibu kabla Mei haijaisha. Nimemwambia nitafikiri. Sikumwambia kwamba sijawahi kuusikiliza. Mukabera hakupenda kurekodiwa. Alifunika simu kwa kiganja kila ilipoelekezwa kwake. Sina sauti yake nyingine, na hiyo moja sijathubutu kuifungua, kama mtu mwenye njiti moja ya kiberiti.

28 Februari

Mvua. Sijajibu.

3 Machi

Nilishuka kununua sukari. Mbele ya saluni ya Latifu, kinyozi wa pale karibu na msikiti, nilisikia mke wangu akiniita.

Sijui jinsi nyingine ya kuliandika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuvukia mfereji, maji mekundu yakienda kasi, na sauti yake ikatoka mlangoni mwa saluni, juu ya besi: Banani bako kule yulu? Nikasimama na mguu mmoja kwenye ukingo. Vijana wa ndani wakadakia, wote kwa mara moja, kwa lafudhi yake, wakidhani ni ya mwigizaji wa London: "Mushuke!" Mmoja akaniona pale nilipoganda na mwavuli wangu. Akaweka mikono kiunoni, akabana sauti: "Mzee! Mushuke mu mufereji! Mutaniuwa na moyo!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaingia.

"Zima," nikamwambia Latifu.

"Haupendi, Mzee? Hii iko ya Londres. Ulaya nzima banaicheza."

"Unamjua huyo mwanamke?"

"Ni muntu wa studio."

"Ni mke wangu."

Mashine ya kunyolea ilizimwa. Kisha yule aliyeketi kitini, nusu ya kichwa chake ikiwa imenyolewa, akasema polepole: "Na mie muke yangu ni malkia." Wakacheka tena, ila Latifu hakucheka. Niliondoka bila sukari.

Mukabalisa alinisikiliza hadi mwisho, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Muntu aliyejistiri maisha yake yote," akasema. "Leo iko kwa kinyozi. Yaya, katalia. Katalia leo leo."

Nilisema nitakataa.

4 Machi

Sikupiga simu. Mtandao ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri mchana.

9 Machi

Nilimsikia mara mbili. Mara ya kwanza kwenye pikipiki iliyoshuka kuelekea mpakani. Alipita kama mtu anayepungia mkono kutoka kwenye gari. Mara ya pili kwa mwanamke auzaye sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambaye mtoto wake alikuwa na simu chini ya meza. Mwanamke akamwambia, "Zima ile koko anayelia." Mtoto akajibu, "Halii, anacheza."

12 Machi

Ramadhani imeanza. Mvua inafika alasiri na kuondoka karibu na futari, kama mgeni mwenye adabu.

19 Machi

Nimezungumza na Hakimu. Hasemi sana, amechukua tabia hiyo kwangu. Nilimuuliza anaonaje.

"Papa, siku ile wenzangu walitaka kuzima mikro. Mie nilisema tuache."

"Kwa nini?"

"Sijui. Alikuwa anapendeza vile alikasirika."

26 Machi

Ukungu tangu alfajiri. Bukavu haikuonekana, wala ziwa. Kulikuwa na weupe tu, na ndani yake majogoo wa ng'ambo, na mtu anayepiga msumari kwenye bati, sijui kama yuko Rwanda au Kongo. Katika hali kama hiyo nilisikia muziki ukitoka upande wa Mururu, mbali, besi bila maneno. Nilihesabu moyoni mahali ambapo angeingia. Nilikosea kidogo. Ninawezaje kukosea wimbo ambao sijausikiliza, na ninawezaje kuukaribia?

7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Muziki umezimwa mji mzima.

10 Aprili

Idi imeangukia ndani ya wiki hii, kwa hiyo tumesalimiana kwa sauti ya chini na watoto wamevaa nguo mpya bila kelele. Baada ya sala nilipita njia ya saluni. Ndani mlisikika mashine tu, ikinguruma kama nyuki chupani. Nilipita. Nikarudi nikapita tena. Ndipo nilipojigundua: nilikuwa nimekuja kumsikia. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikitafuta sababu za kupita pale, chumvi, vocha, kirago, nikimwambia Mukabalisa kwamba naenda kukagua kama wamenitii.

Latifu alitoka akiwa na taulo begani.

"Idi njema, Mzee. Sikuizima kwa ajili ya wiki hii tu. Niliitoa kabisa kwenye simu. Mama alinambia ni kweli. Aliishi na Maman Hakimu kule Bukavu, mutaa wa Kadutu, ukuta kwa ukuta."

"Umeitoa?"

"Nimeitoa. Nisamehe."

Nikamwambia asante. Nilipanda kilima nikiwa na uzito ambao hauna haki ya kuwepo: nilikuwa nimepata nilichokidai.

16 Aprili

Mama yake Latifu amekuja. Anaitwa Uwamwezi, ndiye anayewaosha wanawake wanapofariki katika mtaa wetu, na pengine kwa sababu hiyo haogopi mtu aliye hai. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema lililomleta.

"Papa Hakimu, matanga ya Mukabera mulifanyia wapi?"

Nikamweleza. Kwamba hapakuwa na matanga. Kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa kitandani, na nilimwona mke wangu akizikwa ndani ya simu ya Hakimu, watu wanne wenye glavu, udongo wenye mawe, na picha iliyokuwa ikikatika. Kwamba baada ya siku arobaini watu bado walikuwa wamekatazwa kuingia nyumba za watu.

"Kwa hiyo nani alimucheka?"

"Hakuna aliyemcheka."

"Njo vile! Ndivyo!" Akamgeukia Mukabalisa. "Unasikia? Miaka yote hii. Mwanamuke mwenye bajukuu, na hakuna hata moja alivaa kitenge yake akamucheka. Halafu munashangaa anapiga kelele mu saluni."

Mukabalisa aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa na kikombe mkononi. Jambo lenyewe nililijua tangu utoto, nikalisahau kama mtu anavyosahau kwamba anajua kuogelea. Katika watu wetu, Waswahili wa Kamembe na wa ng'ambo, mjukuu ni mtani wa babu na bibi. Siku ya kuondoa matanga huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, huwadai walio hai vile yeye alivyowadai. Watu hucheka. Anayekasirika hutozwa jogoo. Matanga yasiyochekewa hayajaondolewa. Yanakaa ndani ya nyumba kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

"Yule mutoto wa Londres," akasema Uwamwezi, "hakuna mwenye alimufundisha. Alifanya kazi yake peke yake, na chombo aliyokuwa nayo. Na wewe ukanuna." Akanielekezea kijiko. "Tangu mvua ya kwanza umenuna. Unalipa jogoo, mwanaume wewe."

"Uwamwezi, muziki wa baa na utani wa matanga ni kitu kimoja?" Mukabalisa akauliza.

"Sijui muziki. Najua kucheka. Mwite aje."

17 Aprili

Nimemwita. Alilia kwenye simu, kisha akauliza kama kuna joto.

23 Aprili

Mlima umeporomoka njia ya Nyakabuye. Mabasi ya Bugarama hayaji, mchele umepanda bei, na Mukabalisa anaulaumu mchele kana kwamba umekataa kuja kwa hiari yake.

28 Aprili

Gasaro amefika kwa ndege ya Kigali. Tulimsubiri nje ya kiwanja chetu kidogo, mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara tu. Akatoka: nywele fupi, koti jeusi kubwa kama hema, viatu vyeupe ambavyo sikuwa na moyo wa kumwonya. Anatembea akiegemea kushoto kidogo, kama Mukabera. Sikuwahi kuliona hilo London, ambako nilimwona kila siku.

Nyumbani Mukabalisa alimkalisha mbele yake kabla hajamaliza kunawa.

"Wewe njo ulimuweka koko yako mu baa?"

"Ndiyo, Koko."

"Haukuona haya?"

"Niliona. Lakini nilikuwa na hamu yake. Corona ilitufungia. Kila mutu mu chumba yake. Mie nilikuwa na kaseti na computer, na ile sauti. Nikairudilia, nikairudilia. Kila wakati alikuwa ananikasirikia mupya." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Sikuifanya ili batu bacheze. Niliifanya ili isiishe."

Mukabalisa alivitazama viatu vyeupe. Kisha akasema viatu vile vitoke kwenye mkeka wake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya babu tangu Februari, yenye aya na mpangilio. Niliviokota viatu nikavitoa nje.

4 Mei

Naandika asubuhi hii habari ya jana, siku ya matanga ya Mukabera.

Tulitandaza turubai kutoka paa letu hadi kwenye ukuta wa jirani. Shehe alisoma hitima baada ya alasiri, watu wakaitikia, na mvua ikaanza katikati ya dua, ikipiga turubai kwa kasi iliyopita ile ya sauti zetu. Nyuma kabisa, karibu na masufuria, vijana wa saluni walikuwa wamekaa mstari mmoja, kofia zao za barakashia zikiwa zimevaliwa juu ya nywele zilizochorwa mistari. Latifu aliwaleta. Yule aliyesema mke wake ni malkia aliketi mwisho, akitazama vidole vyake vya miguu.

Pilau ililiwa. Shehe, anayejua desturi na anayejua pia wakati wa kuondoka, aliaga. Ndipo Mukabalisa mwenyewe alipoinuka, akaingia chumbani, akatoka na kitenge cha bluu cha Mukabera, nilichorudi nacho kutoka London. Hakusema neno. Alimfunga Gasaro kiunoni, akakaza fundo mara mbili, akamsukuma katikati.

Gasaro alisimama tu. Nilimwona anaogopa. Msichana aliyeghani mbele ya maelfu, akiogopa kina mama wa mtaa na sahani zao.

"Haya, Mukabera!" Uwamwezi akampigia kelele. "Umetuacha muda murefu! Kule ulienda banakula nini?"

Gasaro akaegemea kushoto. Akashika goti. Akaanza kutembea kati ya mikeka, akifunua masufuria, akionja kwa ncha ya kidole, akikunja uso. "Nani alipika hii? Hii chumvi muliitoa mu ziwa?" Sauti ile. Si ya kuiga. Ilitoka mahali fulani chini ya yake. Kina mama wakaanza kupiga makofi kwenye mapaja. Akamwambia jirani arudishe kinu. Akamwambia Latifu kwamba kinyozi mwenye upara ni kama daktari mgonjwa. Kisha akaja kwangu, akasimama, mikono kiunoni, akatazama mikono yangu mitupu kama iliyoshika kitu.

"Papa Hakimu. Hicho kitabu nacho kinakula?"

Mukabera alikuwa akiniuliza hivyo kila jioni, chakula kikipoa.

Niliona watu wanasubiri uso wangu. Uwamwezi akapaza sauti: "Anakasirika! Jogoo ya pili!" Nami nikacheka. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye sahani, na nilipoinama kuitafuta niliendelea kucheka kule chini, kwenye wali, ambako hapakuwa na mtu wa kuniangalia.

Gasaro alikuwa amepanda kwenye benchi. Turubai lilikuwa likitetemeka juu ya kichwa chake. Akavuta pumzi.

"Banani bako kule yulu?"

Vijana wa nyuma hawakuweza kujizuia. "Mushuke!" wakaitikia, na kina mama pamoja nao, na watoto waliopanda ukutani kutazama, ambao wawili kati yao walishuka kweli. Vigelegele vikapanda. Katika grime, emsii akisema neno linalowapata watu, wao hupiga kuta kwa viganja, na dijei hana budi kuisimamisha santuri na kuirudisha mwanzo; ndiyo heshima kubwa kuliko tuzo. Mukabalisa hajui hayo. Lakini alikuwa akipiga benchi kwa viganja vyote viwili, mtandio umemwangukia begani, akilia na kucheka. "Rudilia! Gasaro, rudilia! Haitoshi! Rudilia!"

Gasaro akarudia. Matanga ya mke wangu yaliondolewa jana, yapata magharibi, mvua ikinyesha.

5 Mei

Leo nilimwomba anisikilizishe. Tuliketi barazani, Bukavu ikionekana yote, mabati yake yaking'aa kama magamba. Nilimwambia sitaki wimbo kwanza. Nataka kaseti, kama ilivyokuwa.

Akanipa vipokea sauti. Upepo. Besi. Vijana wanabishana. Mlango. Halafu yeye, kwa hasira yote, na nilikuwa tayari kwa hiyo. Nimeisikia kwa pikipiki na kwa sambaza. Vicheko. Hakimu anasema kwa Kiingereza, huyo ni mama yangu, jamani. Nyayo kwenye ngazi ya chuma, mtu wa kwanza, mtu wa pili. Nilidhani imekwisha, nikawa naviondoa masikioni.

Ndipo akasema tena, karibu kabisa na maikrofoni. Amechoka na ngazi. Sauti ya chini, ile ya nyumbani, ambayo nilikuwa nimeipoteza bila kujua kwamba kuna mbili.

"Mulishakula?"

Kijana mmoja akauliza anasema nini. Mkanda ukaisha.

Miaka yote hadithi ya siku ile ilisimuliwa nyumbani kwetu kama kichekesho, na iliishia kwenye kelele. Hakuna aliyesimulia sehemu hii, kwa sababu kwa Mukabera swali hilo halikuwa hadithi.

"Hii mbona haiko ndani ya wimbo?"

"Iko nje ya biti, Koko. Na iko ya chini sana."

"Wape ruhusa. Lakini waende naye hadi hapo."

Alinitazama. "Itabidi nisimamishe muziki yote."

"Simamisha."

"Koko, mu uwanja? Batu bote bale banaruka, mie nisimamishe ngoma ili koko aulize kama balishakula?"

"Ndiyo."

"Batasema niko kichaa."

"Naye walimwona hivyo hivyo."

Nikaona goti lake likipiga mdundo, likisita, likipiga tena, likitafuta kimya kikae wapi.

12 Mei

Ameondoka. Viatu vyeupe amemwachia Latifu. Sasa ni vyekundu.

22 Mei

Kampuni imekataa. Wanasema watu watabonyeza wimbo mwingine pale pale muziki unapokoma. Wanataka kelele bila swali. Gasaro amewaambia ni yote au hakuna. Nilimuuliza kama anaogopa kupoteza albamu.

"Ninaogopa sana," akasema. "Usinirudishe nyuma, Koko."

Sikumrudisha. Lakini sikulala vizuri. Ni rahisi mzee kuweka sharti ambalo kijana ndiye atakayelibeba.

25 Mei

Mvua ndogo, ya kuzima vumbi ambalo bado halipo.

31 Mei

Siku ya mwisho. Hakuna simu. Mukabalisa amepika mapema. Jioni Latifu alipanda hadi kwetu kuuliza kama kuna habari, nikamwambia hakuna, akakaa nasi hata hivyo.

2 Juni

Gasaro ameandika neno moja: "Bamekubali." Kisha la pili: "Kwa hasira."

11 Juni

Masika yamekwisha. Upepo umegeuka, na mashuka yamekauka kabla ya adhuhuri.

29 Juni

Tamasha lilikuwa leo, mchana wa kule, alasiri yetu. Hakimu alisimama katikati ya watu akanipigia, akainua simu juu. Sikuona kitu isipokuwa anga na ncha za bendera, nikaigeuza simu kifudifudi magotini, nikasikiliza tu. Kelele za umati zilikuwa kama maji mengi. Besi ikaja. Gasaro akaghani, upesi, wazi, sikuelewa hata nusu. Kisha Mukabera akawapigia kelele, na uwanja mzima, watu wasiojua Bukavu iko wapi, ukamwitikia: Mushuke.

Halafu muziki ukakoma.

Nilisikia umati unavyoshangaa. Mtu mmoja alipiga mluzi. Mwingine akacheka, na wa tatu akamnyamazisha. Kimya kikaenea kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia upepo wa kule ukipita kwenye simu ya mwanangu. Ndani ya kimya hicho mke wangu akauliza, kwa sauti ile ya chini, kama walikuwa wameshakula.

Hawakujua kujibu. Muziki ulikuwa bado haujarudi.

"Bado," nikasema.

"Unasema nini, Yaya?" Mukabalisa akauliza kutoka jikoni.

"Nasema bado sijala."

"Si uje, sasa! Nani alikuzuia?"

Muziki ukaanza tena magotini mwangu. Nikaiacha simu kitini ikiimba, nikaingia ndani, nikala.